Mtoto Afundishwe na Nani?

Msomaji, ukipata nafasi ya kusimama asubuhi na mapema kando ya njia ya reli ikatayo mtaa wa Kibera, simama, uangalie. Kabla jua halijapanda juu ya mapaa ya mabati utaona watoto wakitoka vichochoroni, wawili wawili na watatu watatu, na kila kundi lina sare yake: hawa wamevaa sweta za kijani, hawa za buluu, na wale za rangi ya damu ya mzee. Wengine huvuka reli kwenda upande huu, wengine huvuka kwenda upande ule, na wanapopishana huitana kwa majina, maana jana jioni walikuwa wakicheza mpira mmoja wa makaratasi. Ni watoto wa mtaa mmoja. Wengine hutoka katika ua mmoja na huchota maji katika bomba moja. Mbona basi hawaendi shule moja?

Si wao waliojigawanya. Jiulize na wewe: shule yako ya kwanza uliichagua mwenyewe? Katika nchi yetu namkumbuka mwanafunzi mmoja tu wa darasa la kwanza ambaye hapana shaka alijichagulia, naye ni marehemu Mzee Kimani Maruge, aliyejiandikisha katika shule ya msingi huko Eldoret mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84. Sisi wengine tulichaguliwa. Tulishikwa mkono tukapelekwa, na tulipofika tulilia au tulinyamaza, lakini hatukuulizwa.

Basi ni nani mwenye haki ya kuamua mtoto afundishwe wapi, na afundishwe na nani? Swali hili si la mchezo. Wazazi hubishana kwa ajili yake, mume na mke hununiana kwa ajili yake, na watu wamewahi kufikishwa mahakamani kwa ajili yake. Wako wasemao kwamba mtoto ni wa mzazi, na mzazi akitaka kumfundisha mwenyewe nyumbani, asimpeleke shule yoyote, hapana mtu mwenye ruhusa ya kumwuliza. Wako wasemao kwamba mtoto ni raia wa kesho, na taifa lina haki ya kumtaka aje akae katika dawati moja na wenzake. Nitakueleza nionavyo mimi, lakini kwanza yatupasa kuyatazama mambo yalivyo, hasa katika mitaa miwili ya Nairobi ambamo mabishano haya yamepata sura isiyofanana na ile ya vitabuni, yaani Kibera na Kawangware.

Watu wengi hudhani kwamba kumfundisha mtoto nyumbani ni desturi mpya ya wenye fedha. Sivyo. Iliyo mpya ni shule. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa mawaidha juu ya dini, adabu na maisha ya ndoa, na utendi huo ungali ukisomwa hata leo. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya kilichotolewa mwaka 1938, alieleza kirefu namna mtoto wa Kikuyu alivyofundishwa na wazazi wake na watu wa rika lake, tangu nyimbo za kubembelezwa mpaka mashauri ya wazee. Naye Julius Nyerere, katika andiko lake la mwaka 1967 juu ya elimu ya kujitegemea, aliwakumbusha watu kwamba Afrika ya zamani haikuwa na majengo ya shule, walakini elimu ilikuwa nayo.

Na shule zilipokuja, wazazi hawakuzipokea kwa macho yaliyofumbwa. Mwaka 1929, katika nchi ya Wakikuyu, ulizuka ugomvi mkubwa kati ya wamisheni na wazazi juu ya tohara ya wasichana. Wamisheni waliwataka watu waikane mila hiyo. Wazazi wengi wakawaondoa watoto katika shule za misheni, wakachanga fedha, wakajenga shule zao wenyewe. Mwaka 1939 wakawa hata na chuo chao cha walimu huko Githunguri, chini ya uongozi wa Mbiyu Koinange. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, serikali ya kikoloni ilizifunga.

Simama kidogo hapo, maana jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Tukiulizwa kama wazazi wale walikuwa na haki ya kujenga shule zao, sisi sote tutajibu ndiyo, na tutajivuna kwa ajili yao. Lakini tukiulizwa juu ya mila ile iliyowasha moto huo, jibu letu ni jingine. Kenya huru imeipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2011, kwa sababu ya madhara yanayompata msichana. Basi mzazi aweza kuwa na haki ya kuchagua, na huku akachagua vibaya. Na maumivu ya kuchagua vibaya hayampati yeye. Neno hili liweke moyoni, maana tutalirudia.

Sasa twende Kibera. Mwezi wa Januari 2003 serikali mpya ya Rais Mwai Kibaki ilifuta karo katika shule za msingi za umma. Haikuwa mara ya kwanza. Karo ya madarasa ya chini ilikuwa imefutwa mwaka 1974, kisha malipo yakarudi kwa majina mengine. Mara hii watoto walifurika. Katika nchi nzima idadi ya wanafunzi wa msingi ilipanda kutoka kama milioni 5.9 mwaka 2002 hadi zaidi ya milioni 7 mwaka uliofuata. Kwenye shule ya msingi ya Olympic, iliyo pembeni mwa Kibera na iliyokuwa na sifa kubwa ya kufaulisha, wazazi walisongamana wakigombea nafasi. Darasa lililokuwa na watoto 40 likawa na 70, na 80, na mahali pengine hata 100.

Ungedhani kwamba shule za kulipia za Kibera, zile za mabati na udongo, zingekufa mara moja. Baadhi zilifungwa kweli. Lakini mtafiti Mwingereza James Tooley na wenziwe walipoizunguka Kibera baada ya tangazo lile, walihesabu humo shule 76 za watu binafsi, za msingi na za sekondari, zenye wanafunzi zaidi ya 12,000. Wako wazazi waliokuwa wamempeleka mtoto shule ya serikali, kisha wakamrudisha alikotoka. Kwa nini maskini alipe kwa kitu anachoweza kukipata bure?

Ukikaa na wazazi hao utasikia sababu zao. Wengi hutaja wingi wa watoto darasani. Mtoto aweza kukaa muhula mzima mwalimu asilijue jina lake. Shule za serikali ni chache, na ziko pembezoni mwa mtaa, na mama aondokaye alfajiri kwenda kufua nguo za watu hutaka shule iliyo hatua chache kutoka mlangoni pake. Tena hiyo bure nayo ina gharama zake, maana sare hainunuliwi kwa maneno. Lakini iko sababu moja iliyo ndani zaidi. Mwalimu wa shule ya kulipia ajua kwamba mzazi asiporidhika atamhamisha mtoto mwezi ujao, na mshahara wake utapungua. Kwa hiyo mama muuza mboga, ambaye katika ofisi yoyote ya mji huambiwa angoje nje, akiingia katika shule hiyo huvutiwa kiti.

Tooley aliona katika jambo hili ushindi wa uhuru wa mzazi. Nami nasema kiti hicho si kitu kidogo, na asiyewahi kungojeshwa nje asikibeze. Lakini siwezi kwenda pamoja na mtafiti huyo mpaka mwisho, na sababu yangu iko Ng'ando, huko Dagoretti, si mbali na Kawangware. Asubuhi ya Septemba 23, 2019, watoto wa shule moja ya kulipia walikuwa tayari kuanza masomo katika jengo la ghorofa, la mbao na mabati. Jengo liliporomoka. Watoto wasiopungua 7 walikufa na wengi wakaumia. Wazazi wao walikuwa wamechagua; walichagua kwa upendo, na kwa fedha zilizotoka katika jasho lao. Mzazi aweza kuipima adabu ya mwalimu, aweza kuitazama daftari ya mtoto, lakini nguzo iliyojengewa vibaya ataijuaje? Hiyo ni kazi ya mkaguzi, na mkaguzi haajiriwi na mama mmoja mmoja. Hulipwa na sisi sote.

Toka sasa Kawangware, ufuate barabara ya Gitanga kuelekea mashariki. Kwa mwendo mfupi tu wa miguu vibanda vya mkaa na vinyozi vinakwisha, na unaanza kuona malango ya chuma na maua yaliyokatwa vizuri: umeingia Lavington. Katika nyumba za namna hii, huko na kwingineko mjini, wamo wazazi wafundishao watoto wao wenyewe. Wengine huagiza vitabu kutoka ng'ambo. Wengine huajiri mwalimu aje kila siku. Wengine hukutana familia tatu au nne wakagawana masomo. Hoja zao si za kubezwa. Husema kwamba mtoto mmoja mbele ya mwalimu mmoja hujifunza kwa saa chache kile ambacho darasa kubwa hukipata kwa siku nzima. Husema kwamba mtoto mzito wa kusikia, au aliyechelewa kusoma, shuleni huchekwa na nyumbani husubiriwa. Wengine wanaogopa mashindano ya mitihani, ambayo kweli yamewakondesha watoto wetu. Wengine wanataka mtoto akue katika dini ya nyumbani. Nani atawaambia kwamba hawampendi mtoto wao?

Wapinzani wao nao wana lao. Wanasema kwamba mtoto asiyepata kukaa na mtoto wa kabila jingine, wala na maskini, wala na mpumbavu, atajifunza wapi kuishi nao? Wanasema kwamba mzazi hawezi kumfundisha mtoto asichokijua yeye, na lililo baya zaidi, mara nyingi hajui kwamba hakijui. Tena wanasema neno ambalo mimi naliona kuwa ndilo kubwa, kwamba ukuta mrefu huficha mema na maovu sawasawa. Nyuma ya lango moja mtoto anafundishwa hesabu kwa upole. Nyuma ya lango la pili, lenye rangi ile ile, msichana wa miaka 12 anaitwa mwanafunzi wa nyumbani, na kazi yake ni kulea mdogo wake na kupiga deki.

Wakubwa wa falsafa hawakupatana katika jambo hili. Aristotle wa Uyunani aliandika kwamba kwa kuwa mji una lengo moja, elimu nayo iwe moja kwa wote na iwe kazi ya mji, wala si kila mtu kuwafunza wanawe kivyake. Hata hivyo mfalme Philip wa Makedonia alipomwita amfundishe mwanawe Alexander, alikwenda. Nadhani hata mwenye hekima huwa na kodi ya kulipa. Mwingereza John Stuart Mill aliandika mwaka 1859 kinyume chake: serikali imlazimishe kila mzazi kuhakikisha mtoto anapata elimu, lakini imwachie achague wapi, kisha iwapime watoto kwa mitihani, na baba wa mtoto asiyejua kusoma aweze kutozwa faini kidogo. Mill alijua alichokisema. Yeye mwenyewe hakwenda shule. Baba yake alimfundisha nyumbani, akamwanzisha Kigiriki akiwa na umri wa miaka 3, akamweka mbali na watoto wengine. Alipofika miaka 20 alikuwa na elimu kuwapita wazee, na moyo wake ukavunjika; kwa muda mrefu hakuona furaha katika jambo lolote. Alipata nafuu baadaye, akawa mtu mashuhuri. Lakini ni nani aliyeyapitia majira yale ya giza? Si baba yake.

Sheria zetu zinavutana vivyo hivyo. Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu chake cha 26, lasema kwamba elimu ya mwanzo iwe ya lazima, na papo hapo lasema kwamba wazazi ndio wa kwanza katika haki ya kuchagua aina ya elimu ya watoto wao. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtoto haki ya kupata elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ampeleke mtoto shuleni au katika mahali pengine palipokubaliwa na waziri, na asiyefanya hivyo aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi mwaka 1, au yote mawili. Shilingi 100,000, msomaji, ni kodi ya chumba cha mabati kwa miaka kadhaa.

Tena tumewahi kuipima hoja hii kwa matendo, ingawa hapana aliyelitaka jaribio hilo. Mnamo Machi 15, 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule zote. Kwa neno moja watoto wote wa Kenya wakawa wanafunzi wa nyumbani. Wachache walirudi shuleni Oktoba 12, na wengine wote Januari 4, 2021. Masomo yalitangazwa kwa redio na televisheni, na mengine yalipelekwa kwa intaneti. Huko Lavington mtoto aliketi mezani mbele ya kompyuta, akamsikia mwalimu wake, akalalamika kwamba amechoka. Huko Kibera na Kawangware chumba ni futi 10 kwa 10, au 12 kwa 12. Ndani yake mna kitanda, pazia, jiko, ndoo za maji na mtoto mchanga aliaye. Na jirani, ambaye ukuta wake ni bati lilo hilo moja, anapiga muziki. Redio yataka betri, betri zataka fedha, na kibarua cha baba kimesimama. Na hata redio ikiwapo, mtoto wa darasa la 3 na dada yake wa darasa la 7 watasikilizaje vipindi viwili kwa wakati mmoja?

Hapo ndipo tulipoona kwamba shule si masomo peke yake. Ni sahani ya githeri saa ya mchana. Ni saa chache ambazo mama aweza kwenda kutafuta riziki bila hofu moyoni. Ni macho ya mwalimu yanayoona alama mkononi mwa mtoto, na kuuliza imetoka wapi. Wako wasichana waliopata mimba mwaka ule, wako wavulana waliozoea senti za kuokota vyuma chakavu, na shule zilipofunguliwa si wote waliorudi. Na shule zenyewe hazikurudi zote. Nyingi za zile za kulipia zilikuwa zimegeuzwa vyumba vya kupanga au mabanda ya kuku.

Walakini mwaka huo ulikuwa na funzo la upande wa pili pia. Wazazi wengi waliifungua daftari ya mtoto kwa mara ya kwanza. Wako waliogundua kwamba mtoto wa darasa la 5, ambaye kila mwaka alipanda darasa na kuleta ripoti yenye muhuri, hawezi kusoma ukurasa mmoja wa Kiswahili bila kukwama. Shule ilikuwa imewaambia kwamba yote ni mema, nao wakaamini, kwa kuwa wao hawakusoma sana na mwalimu amesoma.

Sasa nakuja kwenye lile nililoahidi. Mtoto ni wa nani? Lugha yetu inayo maneno mawili yanayoweza kutusaidia, nayo ni milki na amana. Milki ni kitu changu. Nikipenda nakitunza, nikipenda nakiuza, nikipenda nakivunja. Amana ni kitu kilichowekwa mkononi mwangu kwa muda. Nina mamlaka juu yake, wala jirani hana ruhusa ya kuninyang'anya, lakini iko siku mwenyewe atakuja kukidai. Mimi naona kwamba mtoto ni amana, na mwenye amana hiyo si serikali. Ni yule mtu mzima ambaye mtoto huyo atakuwa. Siku moja atasimama mbele yetu, mrefu kuliko sisi, aulize: nilipokuwa siwezi kujichagulia, mlinichagulia nini, na kwa nini?

Ukilitazama jambo hili hivyo, utaona kwamba mzazi anatangulia kwa haki, maana yeye ndiye aliyewekewa amana kwanza na ndiye aijuaye. Akiona kwamba mwanawe atakua vema zaidi nyumbani, sioni sababu ya kumfunga jela. Lakini aliyewekewa amana hafungi mlango akakataa kuhesabiwa. Mzazi afundishaye nyumbani na aandikishe jambo hilo, mtoto apimwe kila mwaka, mtu mwingine asiye wa nyumba ile amwone na kuzungumza naye peke yake. Mzazi akisema kwamba kuulizwa hivyo ni kumvunjia heshima, nitamjibu kwamba hata mweka hazina wa chama cha mazishi hukaguliwa, naye ameshika fedha tu.

Utaniambia kwamba serikali ndiyo iliyofunga Githunguri, na sasa nataka kuipa funguo za nyumba zetu. Neno lako ni la kweli, nami sina jibu la kulimaliza lote. Mkaguzi aweza kuwa mla rushwa, aweza kutumwa kwa chuki ya dini au ya siasa. Ndiyo maana zipo mahakama, na ndiyo maana nasema akague, sisemi aamuru. Lakini hofu ya mkaguzi mbaya isitufanye tumsahau msichana wa nyuma ya lango la pili. Yeye hana mwingine wa kumgongea.

Na serikali nayo imewekewa amana. Hapa ndipo ninapoona upungufu katika sheria yetu. Mzazi asiyempeleka mtoto shule ametajiwa faini yake kwa shilingi na kifungo chake kwa miezi. Serikali inapoweka watoto 100 mbele ya mwalimu mmoja, au inapouacha mtaa wa maelfu ya watu bila shule ya umma wanayoweza kuifikia kwa miguu, faini yake ni shilingi ngapi? Baba wa Kawangware akimpeleka mtoto shule ya mabati kwa kuwa ya serikali imejaa, tunasema amechagua. Mimi sioni kwamba amechagua. Ameokoa alichoweza.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu, aliniuliza swali lililonisumbua. Alisema, "Ndugu yangu, hiyo amana yako ni neno la waliosoma. Mama asiyejua kusoma ataitunzaje amana ya elimu? Atamhesabu mwalimu kwa kipimo gani?" Sikumjibu siku ile. Baadaye nilimkumbuka mama mmoja auzaye sukuma wiki na nyanya sokoni Kawangware. Hakupata kwenda shule. Kila jioni, akiisha kufunga biashara, humketisha binti yake chini ya taa na kumwambia asome daftari yote ya siku ile kwa sauti, tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Yeye haelewi nusu ya yale yasomwayo, na mengine ni ya Kiingereza. Hutazama uso wa mtoto na kidole chake kinavyotembea. Kidole kikisita, husema, "Rudia hapo, mama." Kikisita mara ya pili, huweka ukucha wake juu ya mahali pale na kukunja pembe ya ukurasa.

Ijumaa huenda shuleni kabla ya kwenda sokoni, na daftari mkononi. Niliwahi kumsikia. Alimwonyesha mwalimu kurasa mbili zilizokunjwa, akasema, "Mwalimu, shikamoo. Hapa na hapa hapajakaa sawa." Mwalimu alikuwa kijana, umri wa kuwa mwanawe. Alizitazama kurasa zile, akafikiri, akakiri kwamba siku hizo mbili hakuwapo, na watoto walinakili tu yaliyoandikwa ubaoni na kiranja. Akavuta kiti, akampa mama yule akae, akamwita msichana, akaanza kumfundisha sehemu ile upya.